Mwanamke Apewe Mwiko, Asiachiwe Ndoo Peke Yake

Apitaye asubuhi katika kata ya Nyamisangura, mjini Tarime, mahali popote panapoinuka jengo jipya, hakosi kuona sura tatu. Juu ya jukwaa la mbao yuko fundi mwashi, ameshika mwiko na timazi. Chini yake yuko saidia fundi, anageuza zege kwa beleshi. Na njiani waja akina mama, wamejitwika ndoo za maji, makarai ya mchanga na kokoto walizozigonga wenyewe kwa nyundo. Jioni, malipo yanapotolewa, sura hizo hupangwa kwa utaratibu ule ule: fundi kwanza, saidia fundi wa pili, na mama wa mwisho, kama hakuambiwa kabisa kwamba kazi yake ya siku hiyo ilikuwa mchango wake wa maendeleo.

Siku hizi twasikia mara kwa mara, katika mikutano na katika vyombo vya habari, kwamba mwanamke ameingia katika ujenzi. Twaambiwa kwamba wako wahandisi wanawake, wabunifu majengo wanawake, wakadiriaji majenzi wanawake na makandarasi wanawake. Habari hiyo ni ya kweli, na ni ya kutia moyo. Sisi hatumo miongoni mwa wale wanaoibeza. Lakini yafaa tujiulize maswali mawili kabla hatujapiga makofi. Kwanza, mwanamke ameingia lini katika ujenzi? Pili, ameingia kwa mlango upi? Tusipoyajibu maswali hayo tutakuwa tunasherehekea jambo ambalo hatulielewi, na mama wa Nyamisangura ataendelea kubeba ndoo huku akisifiwa majukwaani.

NANI ALIJENGA NYUMBA ZETU?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba mwanamke hakuingia katika ujenzi jana wala juzi. Katika mila za Wakurya, kama zilivyo mila za makabila mengi ya nchi yetu, nyumba haikujengwa na mwanamume peke yake. Mwanamume alikata miti, akachimbia nguzo na kufunga fito. Mwanamke alikanyaga udongo, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akakandika ukuta na kulainisha sakafu. Ukuta ulipopasuka baada ya masika, ni yeye aliyeukandika tena. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mpiga lipu wa kwanza wa Tarime na Serengeti alikuwa mwanamke.

Zaidi ya hayo, boma la Mkurya lilihesabiwa kwa nyumba, na nyumba ilihesabiwa kwa mke. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na watoto na ng'ombe walitajwa kwa nyumba hiyo. Hata ile desturi ijulikanayo kama nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenziwe ili nyumba yake isizimike, chanzo chake ni fikra hiyo hiyo kwamba nyumba husimama kwa jina la mama. Lakini pamoja na heshima hiyo yote, neno la mwisho juu ya ardhi na mifugo lilibaki mikononi mwa wanaume. Nyumba ilikuwa yake kwa jina na kwa jasho; kwa amri haikuwa yake.

Kisha yakaja matofali, saruji na bati. Hapo likatokea jambo la ajabu ambalo watu wachache wamelitafakari. Kazi ile ile ya kupaka ukuta, ilipokuwa ya udongo na isiyo na malipo, ilikuwa kazi ya wanawake. Ilipogeuka kuwa ya saruji na yenye malipo, ikaitwa ufundi, na ikawa kazi ya wanaume. Mikono ya mwanamke haikupungukiwa nguvu siku saruji ilipofika Tarime. Kilichobadilika ni kwamba kazi sasa ilikuwa na ujira.

Yafaa pia tukumbuke historia ya karibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko watu wote nchini, hata saa kumi na mbili au kumi na nne kwa siku, bila kujali Jumapili wala sikukuu. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, makao makuu ya mkoa wetu wa Mara, ikapitisha Azimio la Musoma lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Madarasa yaliyohitajiwa hayakushuka kutoka mbinguni. Wazee wetu hutusimulia jinsi wananchi walivyojitolea, wanaume wakifyatua na kupanga matofali, wanawake wakichota maji, wakibeba mawe na kupika chakula cha wajenzi. Sisi tulioketi katika madarasa hayo miaka ya baadaye tulikalia jasho la mama zetu, ingawa juu ya milango yake hatukuona jina la mama hata mmoja.

Utaratibu huo haukukoma. Shule za sekondari za kata zilipoenea nchini katika miaka ya 2000, nguvu za wananchi ziliitwa tena. Mwaka 2021, Serikali ya Awamu ya Sita ilipoanza kujenga vyumba 15,000 vya madarasa kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kupambana na athari za UVIKO-19, kazi kubwa ilifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa mahali penyewe badala ya makandarasi wakubwa. Fedha nyingi za ujenzi zilifika moja kwa moja katika kata na vijiji, ambako kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi huundwa na wananchi wenyewe. Hii ilikuwa fursa kubwa ya kumpa mwanamke kazi yenye malipo karibu na nyumbani kwake. Swali ni kama fursa hiyo ilimkuta ameshika mwiko au ameshika ndoo.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Hapo ndipo tunapolifikia swali la pili. Sisi twaona kwamba mwanamke ameingia katika ujenzi kwa milango miwili, na milango hiyo imetofautiana mno.

Mlango wa mbele ni ule wa elimu na sheria. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha Sheria ya Usajili wa Wahandisi na Sheria ya Usajili wa Makandarasi, ambazo ndizo msingi wa bodi mbili zinazosimamia kazi hizo hadi leo. Waziri wa Ujenzi wakati huo alikuwa mwanamke, Mama Anna Abdallah, aliyeshika wizara hiyo kuanzia mwaka 1995 hadi 2000. Tangu wakati huo njia imepanuka. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu, na baadaye Serikali ya Norway ikasaidia hasa wahandisi wanawake wapite katika mpango huo. Makandarasi wanawake nao wana chama chao. Huko Mbeya kiko chuo kinachofundisha teknolojia ya nguvukazi katika kazi za barabara, na Wizara ya Ujenzi ilikuwa na kitengo maalumu cha kuhimiza ushiriki wa wanawake katika kazi hizo.

Sheria za ununuzi nazo zimefungua njia. Marekebisho yaliyofanywa mwaka 2016 katika Sheria ya Ununuzi wa Umma yaliziagiza taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya zabuni zao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Na sheria mpya ya mwaka 2023 imeuendeleza msimamo huo. Tangu mwaka 2018 ni sharti la kisheria kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro, ikarejeshwa mwaka 2024. Jirani zetu wa Kenya, ambao kutoka Tarime ni mwendo mfupi tu kuvuka Sirari, walianzisha mwaka 2013 utaratibu wao wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na jijini Nairobi liko shirika la Buildher linalowafundisha wasichana wa mitaa ya watu wa hali ya chini useremala, rangi na kazi nyingine za kumalizia majengo.

Huo ndio mlango wa mbele. Mlango wa nyuma ni ule apitao mama asiye na cheti, asiye na dhamana, na mara nyingi asiye na mume wa kumsaidia. Huyu huingia kwa ndoo na karai. Kokoto zake hununuliwa kwa bei apangayo mwenye gari. Maji yake huhesabiwa kwa pipa, na pipa likimwagika hasara ni yake. Hana mkataba wala jina katika daftari. Akiumizwa na jiwe au akianguka na tofali, huambiwa kwamba alikuwa kibarua wa siku moja. Na kwa vile hakuna anayemfundisha, huweza kufanya kazi hiyo miaka kumi na tano akiwa pale pale alipoanzia, hali kijana aliyekuja kukoroga zege pamoja naye amekwisha kuwa fundi na ana wasaidizi wake.

Watu wengi hutazama mlango wa mbele wakaridhika. Lakini kwa hakika wanawake walio wengi katika ujenzi wamo katika mlango wa nyuma. Mhandisi mmoja mwanamke ni fahari ya taifa, na tunamheshimu. Lakini fahari hiyo haimlishi mama anayegonga kokoto kando ya barabara iendayo Mugumu. Ukuaji wa nafasi ya mwanamke utakuwa wa kweli siku milango hii miwili itakapounganishwa kwa ngazi, mama aliyeanza na ndoo aweze kupanda hadi mwiko, kutoka mwiko hadi cheti, na kutoka cheti hadi zabuni.

HOJA ZA WAPINZANI

Ziko hoja zinazotolewa dhidi ya jambo hili, na si haki kuzipuuza, kwa sababu baadhi yake hutolewa na watu wenye nia njema.

Hoja ya kwanza ni ya nguvu. Husemwa kwamba ujenzi ni kazi nzito na maumbile ya mwanamke hayaruhusu. Hoja hii hukanushwa na macho yetu wenyewe. Katika ujenzi, kazi nzito kuliko zote ni kubeba. Na kubeba ndiko alikoachiwa mwanamke. Kupanga tofali, kupima usawa kwa pima maji, kupiga lipu, kutandaza vigae, kupaka rangi na kuunga mabomba, hizi ni kazi za mkono uliotulia na jicho lililozoea. Ukimwachia mtu mzigo ulio mzito zaidi kisha ukamnyima kazi iliyo nyepesi zaidi kwa madai kwamba hana nguvu, huo si huruma. Ni kumdhulumu kwa lugha ya upole.

Na dunia imekwisha kutoa ushahidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume walipokuwa vitani, wanawake wengi walifanya kazi ya kujenga daraja la Waterloo katika mto Thames, jijini London. Daraja hilo lilipofunguliwa rasmi mwaka 1945, hotuba ya ufunguzi iliwasifu wanaume waliolijenga, na wanawake hawakutajwa. Miaka mingi ilipita kabla historia yao haijakubaliwa. Huko Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimewafundisha wanawake wa vijijini, wengine wao watu wazima wenye elimu ndogo ya shule, kutengeneza na kufunga mitambo ya umemejua katika nyumba za wanavijiji wenzao. Kama mama wa Unguja aweza kufunga taa ya jua, mama wa Tarime atashindwaje kuning'iniza timazi?

Hoja ya pili ni ya mila na heshima. Wako wanaosema kwamba mwanamke kupanda jukwaa mbele ya wanaume si adabu, na kwamba mume atadharauliwa. Sisi tuliolelewa katika chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa maana ya staha, na hatuko tayari kuifanyia mzaha. Lakini staha hulindwa kwa mavazi ya kazi yafaayo, kwa jukwaa imara, kwa choo cha wanawake mahali pa kazi na kwa msimamizi mwenye ulimi safi. Mbona hatuoni aibu mama huyo huyo akipita katikati ya wanaume hao hao na karai la zege kichwani? Tena tulifundishwa kwamba mfanyakazi hulipwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mafundisho hayo hayakubagua jasho la mwanamume na la mwanamke. Mwenye kujali adabu na aanzie hapo.

Hoja ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa kuwa inatoka katika uzoefu. Husemwa kwamba vikundi vya wanawake vikipewa zabuni au mikopo hushindwa, na kwamba vingine ni vikundi vya jina tu. Tunakiri kwamba yapo. Tumeona wenyewe kikundi kilichosajiliwa kwa majina ya akina mama, ilhali mwenye kuandika barua, mwenye kupokea fedha na mwenye kugawa kazi ni mwanamume asiyeonekana katika orodha. Akina mama hao huitwa siku ya kutia sahihi na siku ya kupigwa picha. Baada ya hapo hurudi kwenye ndoo zao. Lakini dawa ya ugonjwa huu si kukifuta kikundi. Dawa ni kwa afisa anayehusika kutoka ofisini, kwenda mahali pa kazi, na kuuliza: nani hapa anajua kusoma mchoro huu, na nani ameshika mwiko? Udanganyifu hustawi pale ambapo ukaguzi huishia katika makaratasi. Na ieleweke kwamba makandarasi wanaume nao wameshindwa kazi nyingi, lakini hatujasikia mtu akisema kwamba basi wanaume wasipewe kazi.

SHERIA IPO, NANI ANAISHIKA?

Hatuwezi kusema kwamba mwanamke wa nchi hii hana sheria ya kumlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia au ujauzito, inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na inamtaka mwajiri ampe mama anyonyeshaye hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wakingwe na hatari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Yote haya ni mema. Lakini mtoto wa mama anayegonga kokoto hulala juani chini ya kanga, na hizo saa mbili za kunyonyesha hajapata kuzisikia.

Liko pia jambo la nyumba yenyewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani afanyazo mke ni mchango wake katika kupatikana kwa mali ya ndoa, ingawa katika hukumu hiyo Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu. Kanuni hiyo ni kubwa, na imedumu. Sasa sisi twauliza: ikiwa kupika na kufua ni mchango katika nyumba, je, kuchota maji ya msingi, kusomba mchanga na kukandika ukuta kutaitwaje? Wako wajane na wanawake walioachwa katika wilaya zetu walioondoka mikono mitupu katika nyumba walizozibebea kila ndoo ya maji, kwa sababu hakuna aliyeandika. Mwanamke asipotambuliwa kuwa mjenzi kazini, hatambuliwi kuwa mjenzi hata nyumbani kwake. Na asipokuwa na hati ya kiwanja, hana dhamana ya benki. Asipokuwa na dhamana, hapati mtaji wa mashine ya matofali. Asipokuwa na mashine, hurudi kwenye ndoo. Ndivyo mnyororo ulivyoungwa, pete kwa pete.

TUANZIE NYAMISANGURA

Haifai kulalamika bila kutoa shauri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu waweza kuzibwa kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, bila kungoja amri kutoka Dodoma.

Kwanza, kila kamati ya ujenzi wa darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu iwe na daftari la kazi, na katika daftari hilo liandikwe jina la kila aliyefanya kazi, kazi aliyoifanya na malipo aliyopata. Mchango wa hiari uandikwe kuwa mchango wa hiari, kwa wanaume na kwa wanawake sawasawa. Isiwe tena kwamba nguvu za mwanamume hununuliwa na nguvu za mwanamke huombwa. Daftari hilo lisomwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa, ambako kila mwananchi ana haki ya kuuliza.

Pili, fundi apewaye kazi ya umma katika kata akubali sharti la kumfundisha angalau msichana mmoja au mama mmoja kazi ya ufundi yenyewe, yaani kushika mwiko, kusoma vipimo na kukadiria vifaa. Fedha za umma zikijenga darasa moja, ziache nyuma yake darasa na fundi. Jengo likimalizika bila fundi mpya kupatikana, tumejenga nusu.

Tatu, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya shule, ambao humwezesha fundi wa mtaani kupimwa na kupewa cheti bila kuanza upya. Utaratibu huu utangazwe katika masoko, makanisani na misikitini, na wapimaji wawafuate akina mama walipo. Mama aliyekwisha kupiga lipu nyumba kumi hana haja ya kufundishwa lipu. Ana haja ya karatasi inayosema kwamba anaijua.

Nne, vikundi vya akina mama vielekezwe katika kutengeneza vifaa vya ujenzi, kwani hapo ndipo faida ilipo. Wataalamu wetu wa utafiti wa majengo waliendeleza kwa miaka mingi tofali za kufungamana, zinazofyatuliwa kwa udongo, saruji kidogo na mashine ya kusukuma kwa mkono. Tofali hizo hazichomwi, kwa hiyo haziteketezi miti. Na kuta zake hutumia saruji kidogo. Mashine moja ya namna hiyo, ikinunuliwa kwa mkopo wa halmashauri na kutunzwa na kikundi chenye nidhamu, yaweza kuwapa akina mama kumi kazi ya kudumu kuliko ndoo mia moja za maji. Na halmashauri ikiwa mnunuzi wa kwanza wa tofali hizo, kwa kutumia fungu lake la asilimia 30, mkopo utarudi bila mtu kusukumana na mtu.

Tano, mkandarasi yeyote ajengaye barabara au jengo katika wilaya zetu aulizwe na madiwani, mbele ya wananchi, amewaajiri wanawake wangapi, katika kazi zipi, na kwa malipo gani. Jibu la kwamba ameajiri wanawake wa kushika bendera na kupika chai lisikubaliwe kuwa ndilo jibu zima. Ziulizwe pia kofia ngumu, glavu, viatu na choo.

Mambo haya matano si makubwa. Hayahitaji kongamano wala fedha za wafadhili. Yanahitaji viongozi walio tayari kutoka chini ya mti wa ofisi na kwenda juani. Na hapa hatuna budi kusema na viongozi wenzetu bila kuoneana haya. Sisi ndio tunaosimama majukwaani siku ya wanawake na kusema kwamba mwanamke ni jeshi kubwa. Sisi hao hao, kesho yake, tunapokutana kupanga kazi ya darasa, husema: wanaume watajenga, akina mama watatuletea maji. Maneno hayo humtoka mtu bila hata kufikiri, na kwa sababu hiyo ni hatari zaidi kuliko yale ya adui wa waziwazi wa maendeleo ya wanawake. Tumeyasema sisi pia. Tunayasema haya tukijua kwamba kidole kimoja kinatuelekea wenyewe.

Kwa akina mama nao tuna neno. Haki haipewi mtu aliyelala. Kikundi kisikubali kuazimisha jina lake kwa bwana yeyote, hata akiwa mume wa mwenyekiti. Msichana wa Nyamisangura akipenda ujenzi asione aibu kuomba nafasi katika chuo cha ufundi kwa uashi, umeme au bomba, wala mzazi asimwambie kwamba hiyo ni kazi ya kaka yake. Na mama ajuaye kuchanganya mchanga na saruji kwa macho yake, baada ya miaka mingi ya kutazama, aseme kwa sauti kwamba anajua.

Ujenzi wa nchi ni maneno tuliyoyazoea tangu uhuru, hata yamekuwa kama salamu. Lakini nchi hujengwa kwa tofali halisi, na kila tofali hupita mikononi mwa mtu. Nusu ya mikono hiyo imekuwa ikifanya kazi tangu zamani, katika kuta za udongo za babu zetu, katika madarasa ya Azimio la Musoma na katika shule za kata. Haiombi kukaribishwa katika ujenzi, kwa kuwa haijapata kutoka. Inachodai ni kuandikwa, kufundishwa na kulipwa. Darasa litakaloanza kuchimbwa msingi wake katika kata yetu na liwe la kwanza ambalo mama ataonekana juu ya jukwaa na mwiko mkononi, na kijana wa kiume akimletea maji. Siku hiyo tutapiga makofi, na yatakuwa makofi ya haki.